Simba wa Pilipili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu amepiga simu. Si zile salamu za mbio mbio, simu kamili! Akaniuliza siku hizi nakula nini. Ukweli ni chai na mkate, na kesho yake mkate na chai. Nikamwambia nakula tambi kwa sosi ya mama yake.

Akauliza, ile ya Kitaliano, ya pilipili? Nikasema hiyo hiyo, mama yako alinifundisha kabla hajafariki. Akasema basi Jumapili atakuja kuila.

Mimi sijawahi kumenya hata kitunguu. Mke wangu ndiye aliyekuwa mpishi hotelini, chini ya bwana mmoja Mtaliano, na sosi hiyo alitupikia kila Jumapili. Alisema wenyewe Wataliano huiita sosi yenye hasira.

Lakini lazima aje. Hajakanyaga hapa miezi saba, tangu mazishi. Siku ile niliwachekesha waombolezaji tangu asubuhi mpaka walipoondoka, na chozi hata moja sikudondosha. Binti akasema mbele ya watu kwamba mama yake aliolewa na gogo. Hajui kwamba nayasubiri machozi hayo mpaka leo. Hayaji.

Haidhuru. Nyanya, kitunguu saumu, mafuta, pilipili. Nimeila miaka thelathini na moja. Ulimi unakumbuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Muuza mboga aliuliza nataka pilipili ngapi. Nikamwambia ajaze mkono, kwani hajui anaongea na nani? Mtaa mzima unaniita Simba wa Pilipili. Nyumbani hakuna aliyethubutu kugusa sahani yangu. Mke wangu alimkataza hata binti: ya baba ni kali kuliko zote, itakuunguza. Muuza mboga akacheka, akaniongezea tano za bure.

Kitunguu saumu kiliungua nikiwa natafuta kisu. Nyanya nikazitia na maganda yake, nayo yakaelea juu yakijikunja. Nikaonja kijiko kimoja.

Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nilijikuta sakafuni nimekumbatia ndoo ya maji. Bila shaka pilipili za siku hizi zinatiwa dawa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Pilipili tatu. Siyo. Pilipili moja. Siyo! Ya mke wangu ilianza na utamu, ikaja harufu ya kuchomwachomwa, na mwisho ukali kidogo wa kukukumbusha kwamba upo hai. Hii yangu inapiga ngumi tu.

Halafu nikajisugua jicho kwa kidole kile kile. Akaja mteja kibandani kwangu kuchongewa ufunguo. Fundi funguo hafungi kazi kwa sababu ya jicho. Nikauchonga kwa lile lililobaki. Baada ya saa moja alirudi, ufunguo umeingia kwenye kitasa chake na umegoma kutoka. Aliniita jina ambalo sitaliandika humu.

Nilirudi nikakaa jikoni nikitazama mwiko wa mke wangu. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti yake ninayo kwenye simu, anauliza nimefika wapi na mkate. Ladha ya mkono wake siipati popote. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Anayejua ni shemeji. Ni mdogo wa marehemu mke wangu, walipika jiko moja pale hotelini. Tatizo tumenuniana tangu mazishi, maana neno la gogo liliposemwa yeye aliitikia kwa kichwa. Nimwangukie miguuni? Mimi? Bora nile sabuni.

Ninao mpango. Kila Ijumaa asubuhi shemeji huenda kupima presha. Kitasa cha mlango wake wa nyuma nilikifunga mwenyewe mwaka juzi, nikajibakizia ufunguo mmoja kwa ajili ya usalama wake. Sosi huwa anaiweka kwenye chupa. Naingia, naonja vijiko viwili, natoka. Huo si wizi. Huo ni uchunguzi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mlango ulifunguka bila kelele. Kitasa kizuri, mikono ya fundi. Chupa niliiona mara moja, nyekundu, kwenye rafu ya katikati ya friji. Nikaonja. Moto mtupu! Nikasema kwa sauti kwamba kumbe hata huyu hajui kitu.

Nyuma yangu mtu akauliza ni nani asiyejua kitu. Shemeji. Alikuwa amesahau kadi ya kliniki.

Nikamweleza kwamba nakagua kitasa. Kijiko kilikuwa bado mdomoni.

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nikajitia hamnazo, nikafunga chupa, nikafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Mwisho nikamweleza yote, Jumapili, simu, uongo. Nikamwambia hii yake siyo ile ya dada yake. Hapo akaacha kucheka. Akaniambia nikae.

"Shemeji," akasema, "dada alikuwa na sufuria mbili."

Sikuelewa. Akaeleza polepole. Kubwa ya watu wote, yenye pilipili. Ndogo ya kwangu, isiyo na pilipili hata punje. Humo alikuwa anatia hoho zilizochomwa na kusagwa, ili rangi iwe nyekundu, na pilipili manga kidogo tu ili nisishtuke. Eti mwaka wa pili wa ndoa yetu nilikula ile ya kweli, nikagaragara siku mbili kwa vidonda vya tumbo, na siku ya tatu nikatoka nje kuwatambia majirani kwamba pilipili hainiwezi. Mke wangu hakutaka kuninyang'anya sifa. Hakutaka pia kunizika. Akanunua sufuria ya pili.

Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kugusa sahani yangu.

Nikauliza kama binti anajua. Hajui. Mtoto amekua akiamini baba yake anakula moto.

Miaka thelathini na moja, kila Jumapili, vyombo viwili, viungo viwili, kuosha mara mbili. Na mimi mezani nikidai iongezwe ukali, naye akiitikia haya, baba nanihii, nitaongeza. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nikafuta meza tena.

Shemeji alinifundisha zote mbili. Ufunguo akauchukua. Akaniapisha kwamba nitamwambia mtoto ukweli kabla hajatia tonge mdomoni. Nikaapa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mazoezi. Kitunguu saumu kikatwe vipande vyembamba, kianze na mafuta ya baridi, moto mdogo. Nyanya zitumbukizwe kwenye maji ya moto, ganda libanduke lenyewe. Kikombe kimoja cha maji ya tambi kisimwagwe. Nimepika mara tatu, ya tatu haina aibu.

Naye mke wangu alisimama hapa hapa, kwa miguu yake iliyovimba, baada ya kusimama wiki nzima hotelini. Sikumuuliza hata siku moja kwa nini anaosha sufuria mbili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Alikuja! Amekonda. Tulisalimiana kama watu waliokutana benki, akakaa, akatazama kila kitu isipokuwa mimi.

Nikapakua. Hotuba ya ukweli niliikariri tangu alfajiri. Nikafungua mdomo, naye akawa ameshaonja. Akafumba macho. Akasema, "Ndiyo hii, baba." Akala uma wa pili, wa tatu. Kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza ndani ya miezi saba, akauliza: "Na yako iko wapi? Ile kali?"

Nani angeweza? Hebu mtu aniambie. Yule mtoto hakuwa na mama tena, nimnyang'anye na simba?

Nikasema ah, nilikuwa nasubiri ipoe. Nikachukua pilipili kavu, nikaziponda juu ya sahani yangu, nyingi, kama mtu anayetia chumvi. Nikala.

Ilianza masikioni. Halafu macho. Machozi yakatoka, yakatiririka mpaka kwenye ukosi wa shati, na pua nayo haikubaki nyuma. Niliendelea kutafuna. Simba hatemi.

Binti akaweka uma chini. Akanishika mkono. Akasema amesubiri siku hii miezi saba, kwamba alifikiri simlilii mama, kwamba alinichukia, nimsamehe. Akalia yeye pia. Ningetakiwa kusema ni pilipili. Nilisema, "Yameisha, mama, yameisha," nikachukua uma mwingine ili yasiishe.

Ameahidi kuja kila Jumapili. Alipoondoka alinikumbatia mlangoni. Tumbo linawaka kama tanuri la mkate na sijafurahi hivi tangu mwaka jana. Shemeji alipiga kuuliza kama nimesema ukweli. Nikamwambia mtandao ni mbovu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kibanda sikufungua. Daktari amesema kitu pilipili nisikione hata kwenye picha. Nimemwitikia. Nimempigia muuza mboga aniwekee kilo ya zile ndogo kwa ajili ya Jumapili, kwa kuwa gogo lisipolia mtoto atarudi kuninunia.

Mchana nilipika ile ya kwangu, ya hoho, kwa sababu njaa haijui daktari. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuanza. Nilichoma, nikasaga, nikatia pilipili manga kidogo tu. Nikaonja.

Ilikuwa yeye. Ulimi haukukosea.

Machozi yakaja, tena mengi kuliko ya jana, mpaka tambi zikapoa zikashikana. Nililia kwa sauti. Jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nikamwambia napika.

Nimechunguza jambo hili kwa makini. Ni wazi kwamba sufuria haikuoshwa vizuri, kuna pilipili ya jana iliyobaki. Nimeisugua kwa mchanga, nikapasha sosi upya, nikaonja. Hali ni ile ile. Kesho nikitoka kibandani nitanunua sufuria nyingine.