Naomba Mtu wa Kunibishia

Nyumba za Reli,
Nakuru,
Juni, 1957.

Bwana Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini kuna mtu huko ofisini anayekukatalia jambo walau mara moja kwa siku. Mimi sina, na ndilo shauri langu.

Mwalimu wetu, Bi. Jepkosgei, ametutaka sisi wasichana wa darasa la nane tuandike insha ya kushawishi. Mada kila mtu ajichagulie. Sharti ni moja: tumsomee mtu asiyekubaliana nasi, tuandike na alivyotujibu, kwani mada isiyo na mpinzani si mada. Atakayeshinda atapendekezwa kwa chuo cha ualimu. Chuo hicho nakitaka kuliko chakula. Lakini hapa kwetu mimi ndiye ninayewaandikia watu barua za nyumbani, na nani atathubutu kubishana na mkono unaomwandikia mkewe? Yaliyonipata ni haya:

1. Nilichagua "Baiskeli ni Bora Kuliko Punda", nikamsomea Mzee Waithaka, anayetuletea makaa kwa mkokoteni wa punda. Nilitegemea matusi. Alinisikiliza kofia mkononi, akaniomba radhi kwa niaba ya punda, na jioni akaonekana akijifunza baiskeli. Sasa anachechemea.

2. Nikaigeuza mada: "Punda ni Bora Kuliko Baiskeli." Nikaipeleka kwa Kimaiyo, tarishi, ambaye huiosha baiskeli yake kuliko anavyojiosha mwenyewe. "Kweli kabisa, dada," akasema, "punda hapati pancha." Kisha akanikumbusha barua yake ya kwenda Eldama Ravine.

3. Nikamsomea Baba, fundi wa injini, kwamba reli ing'olewe yote kutoka hapa mpaka Longonot, ipandwe viazi. Baba ameilisha nyumba hii kwa reli tangu sijazaliwa. Alifikiri sana, akauliza, "Viazi vya aina gani?"

4. Hili ndilo lililoniondolea usingizi. Nilimsomea Mama "Wasichana Wasisomeshwe." Mama huyu ndiye aliyegombana na ukoo mzima ili mimi nisome, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango, nikingojea mwiko. Aliuweka mwiko chini polepole. "Sawa, mwanangu, ikiwa vitabu vimesema hivyo." Akaitoa sare yangu kambani, akaanza kuipima kama itatosha pazia la dirisha. Ilinibidi nitunge insha nyingine papo hapo ili kuiokoa sare. Hiyo nayo aliikubali.

Kwa hiyo naomba gazeti lako litangaze kwamba anatakiwa mbishi mmoja, mwanamume au mwanamke, kabla ya Jumatatu. Asiwe na jamaa wa mbali wa kuandikiwa. Ikiwa amewahi kumkatiza mhubiri kanisani, bora zaidi. Asipopatikana, serikali na itunge sheria: yeyote anayekubali kabla ya aya ya pili ashtakiwe, kwa maana kumkubalia mtu haraka ni namna ya kumfungia mlango huku ukitabasamu.

Nisalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti wa stesheni, na wote wanaolisoma gazeti lako juu ya bega la aliyelinunua.

Mimi, niliyekubaliwa kupita kiasi,
Namalwa Wasike

Nyongeza: Nilipokwisha kutia sahihi, shangazi yangu Nabalayo, dada yake Baba, aliwasili kwa treni kutoka Bungoma. Nimemsomea barua hii. Anasema ni uongo kuanzia salamu. Kwamba watu hawanikubali, wamechoka tu, wanataka niwamalizie barua zao. Kwamba chuo kitanizidishia maneno, na maneno ninayo tele. Tena kwamba kichwa hiki nimekirithi kwake, si kwa Mama. Nimempinga. Amenipinga. Uji umeganda, Baba ametorokea kazini ingawa leo si zamu yake, na sisi bado tuko kwenye hoja ya kwanza. Tangu niingie shule sijapata siku nzuri kama hii. Mada ninayo, Bwana Mhariri: "Namalwa Hasemi Uongo." Tafadhali usiichapishe barua hii.

Shangazi anasema uichapishe.