Kisiwa Kilichooshwa kwa Sabuni

Kwaru, kwaru, kwaru. Ndivyo sufuria ilivyolia jikoni kabla hakujapambazuka. Enyi mlioketi, sogezeni viti, na anayetafuna ameze kwanza, nipate kuwasimulia vita vikuu vilivyopiganwa chini ya sinki letu. Jinsi mume wangu, Simba wa Masufuria, Mwenye Mikono ya Povu, alivyoangamiza kisiwa kizima, kisha akakirudisha duniani kabla ya kengele ya shule.

Jueni ya kwamba shujaa huyu huamka kabla yangu akaosha vyombo, kwa sababu maji ya baridi huniuma vidole. Hajawahi kulisema hilo, nami sijamuuliza. Alfajiri ile alikuta sinia langu kando ya sinki, limejaa udongo, ukoka na vijiti vya mchicha.

"Watu wa nyumba hii wanakulaje?" akanguruma, akalisugua hadi likang'aa kama mwezi.

Ole wetu! Kile kilikuwa kisiwa. Mjukuu wetu alikijenga akipeleke darasani asubuhi hiyo, na juu yake aliishi dinosau wa plastiki, mla majani, mdogo kama kidole gumba, ambaye sasa alikuwa ameshuka na maji machafu kwenye tundu la sinki.

Mjukuu akaja, akaliona sinia. "Babu! Umemwosha?"

"Nimemwosha nani?"

"Dinosau wangu! Leo ni zamu yangu kusimama mbele ya darasa. Nitawaonyesha nini, sinia?"

Shujaa akapanda kigoda, akaliinamia tundu, akahutubia: "Ewe bomba, mmeza wanyonge! Umekula wali wangu, nikanyamaza. Umekula kijiko changu, nikavumilia. Huyu hutamla! Mtoe, ama nikufungue koo!"

Bomba likajibu: glu.

"Linanicheka," akasema.

"Mzee," nikamwambia, "weka ndoo kwanza."

Hakuweka. Akajitupa chini ya sinki, spana mkononi kama upanga, akapigana na nati yenye kutu hadi ikasalimu amri, na gharika ya maji meusi ikamshukia kifuani. Hakurudi nyuma, maana nyuma palikuwa na ukuta. Likatoka ganda la yai. Kikatoka kile kijiko. Kisha, pu! Akatoka dinosau, kajaa utelezi, mkia juu.

"Mbona kadogo hivi?" shujaa akauliza, akimfuta kwa shati lake.

"Kisiwani majani ni machache, Babu. Wakubwa wangekufa njaa, ndiyo maana wakawa wadogo."

"Kumbe hata mimi asili yangu ni kisiwani," akasema mtu ambaye kofia yake hunifika begani.

Basi yeye asiyevumilia hata punje ya mchanga kwenye sinia akachota udongo kwa mikono yake mwenyewe, akapanda ukoka, na kile kijiko akakijaza maji kikawa ziwa. Kengele ilipolia, walikuwa getini: mjukuu mbele kama malkia, Babu nyuma amebeba nchi nzima kichwani, shati likichuruzika. Vizazi na vijue!

Jioni kisiwa kilirudi, kikawekwa chumbani kwa mjukuu, mbali kabisa na jikoni. Babu akasimama mlangoni, hathubutu kuingia.

Mjukuu akamwinua dinosau, akasema kwa sauti nyembamba: "Babu, njoo tena unitembelee kisiwani kwangu. Ila sabuni uiache hukohuko."