Kichwa cha Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Sijapata kubwa kama hii tangu ninunue cherehani! Msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara anapaka ukuta wake rangi upya. Anataka uchorwe kichwa chenye dredi changa, kichwa cha mtu halisi wa mtaa huu. Amesema atawasokota bure watu wawili, na baada ya wiki tatu mchora mabango atamchora yule ambaye dredi zake zimeshika vizuri zaidi.

Tumejitokeza mimi na fundi baiskeli. Fundi baiskeli! Yule tunayemwita Chelewa, kwa sababu ukimpelekea baiskeli leo unaweza kuoa na kuzaa kabla hajaigusa.

Ukuta huo unatazamana na cherehani yangu. Nikiinua macho kwenye mshono, naona ukuta. Akishinda Chelewa, nitamtazama Chelewa kila siku ya kazi mpaka nizeeke. Haiwezekani! Afadhali nishone nikiwa nimegeukia chooni.

Jumanne, 5 Machi

Nimesokotwa! Msusi amegawa nywele kwa kitana, mraba mraba, akapaka utomvu wa mshubiri, akasokota kila fungu kwa vidole mpaka likasimama. Nilipojiona kwenye kioo nilipiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa anapakwa rangi ya kucha aliruka, kucha tatu zikaharibika. Nani anajali? Mimi, na dredi! Fupi fupi, zimesimama kama misumari, lakini ni zangu.

Masharti: tusizioshe kwanza, tusizichezee, na tukilala tufunge kitambaa laini. Msusi akasema dredi changa zinataka kuachwa tu, zitashikana zenyewe. Chelewa akapiga miayo, akasema hilo analiweza. Mimi nikaitikia kwa adabu. Lakini tangu lini kitu kizuri kikaja kwa kuachwa? Nguo haijishoni yenyewe.

Mke wangu alicheka kwanza. Kisha akazigusa moja moja, akasema nimependeza, akaniapisha kwamba kichwa hiki hakitaguswa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Nikaapa papo hapo. Nilijisikia kama bwana harusi.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango! Msusi husokota upya mara moja kwa mwezi. Je, mtu akisokotwa kila siku? Si atapata dredi za mwezi kwa siku moja? Sijui kwa nini wasusi hawajalifikiria hili. Mke wangu ameshaanza. Jioni nakaa chini, yeye anakaa kitini, anasokota polepole huku ananisimulia mambo ya kazini kwake. Raha tupu.

Tatizo dogo ni kitambaa laini. Nyumbani hatuna. Dukani kipo: bitana ya koti la mwalimu mkuu, rangi ya zambarau, inateleza kama siagi. Nimeazima kipande cha mgongoni tu. Ndani ya koti nani huangalia?

Jumamosi, 9 Machi

Inawasha! Mama yangu, inawasha! Na kujikuna ni marufuku. Najipiga vibao vidogo vidogo kichwani. Mteja mmoja akadhani najilaumu kwa sababu ya gauni lake, akaanza kulikagua, akakuta kosa ambalo hata mimi sikuwa nimeliona.

Nimekwenda kwa Chelewa kupeleleza, nikijifanya naazima pampu. Nimemkuta amelala pembeni ya baiskeli, kofia usoni. Hana habari kama ana nywele. Nimerudi dukani nikiimba.

Ila sitaki kushinda kidogo. Nataka kushinda vibaya sana. Jioni peke yake haitoshi. Na Shangazi yangu si huja dukani kila adhuhuri kunisaidia kushona vifungo? Vidole vile! Anatumia mkono wa shoto, na kifungo chake hakijawahi kudondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Shangazi amekubali. Kwanza alinisema vya kutosha: mwanamume mzima, mtoto wa kaka yake, kuhangaika kuchorwa ukutani kama chupa ya mafuta! Kisha akauliza kama jina lake litaandikwa pale chini. Nikamwahidi. Nikamwomba asimwambie mke wangu, maana kuna suala la kiapo. Akasema yeye si debe tupu.

Adhuhuri Shangazi, jioni mke wangu. Kichwa kimoja, zamu mbili, kama kiwanda! Chelewa kwisha habari yake.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu mkuu amekuja kabla ya siku yake. Akavaa koti, akahisi baridi mgongoni, akalivua, akaligeuza. Shimo. Kisha akanitazama kichwani. Nilikuwa nimesahau kuvua kitambaa. Zambarau ile ile.

Hakugomba. Aliuliza tu, kwa ile sauti ya darasani, kama nina maelezo. Nikasema ni fasheni mpya, koti linapumua. Akasema yeye anataka koti ambalo halipumui. Nitatia bitana nyingine yote, bure, na suruali ya mwanawe juu yake. Ushindi hauji bila gharama.

Jumamosi, 16 Machi

Kuna jambo sielewi. Dredi zimelegea. Za nyuma zimechanua kabisa kama brashi ya kiatu. Mke wangu analalamika kwamba kila jioni anaanza upya. Shangazi naye kila adhuhuri ananiuliza hizi nywele zimelala wapi.

Lakini mbaya wangu nimemjua. Chelewa! Leo amenitazama kichwani kwa muda mrefu, akasema mbona ndugu yangu zimeamka. Husuda! Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako, na duka lake liko mlango wa tatu kutoka kwangu. Nimejibu mapigo. Kila mteja wangu mwenye baiskeli nimemwambia aipeleke kwa Chelewa, tena haraka. Atafanya kazi, atatoka jasho, dredi zitalowa, zitafumuka. Akili ni mali!

Jumatano, 20 Machi

Baiskeli zimejaa kwa Chelewa mpaka barabarani. Yeye amezitazama, amechoka kwa kuzitazama, amelala. Hata tone la jasho! Alipoamka akaja kunishukuru kwa kumletea wateja, akanikumbatia, nikaziona dredi zake kwa karibu. Zimejifunga. Zimenyooka. Nikamuuliza anatumia nini. Akasema hatumii kitu. Mwongo mkubwa!

Nimewaambia mke wangu na Shangazi, kila mmoja kwa wakati wake, wakaze zaidi. Wamekaza kweli. Macho yangu hayafumbiki vizuri. Dredi moja ya mbele imekatika na kubaki mkononi mwa Shangazi, akaiangalia kama kifungo. Sikuwa na wasiwasi. Mimi ni fundi. Nimeishonea kwenye jirani yake kwa uzi mweusi, mshono ambao hauonekani hata kwa miwani.

Jumamosi, 23 Machi

Leo ndiyo leo! Niliamka kabla ya jogoo. Mke wangu aliomba ruhusa kazini aje kushuhudia. Shangazi akaja na gauni la sherehe, maana alijua jina lake litaandikwa. Mtaa mzima ukajaa mlangoni pa saluni.

Msusi akashika dredi yangu ya kwanza. Ikabaki mkononi mwake, uzi ukining'inia. Watu wakaguna. Akauliza nani amekuwa akinisokota. Mke wangu akasogea mbele, anatabasamu. Shangazi naye akasogea mbele, anatabasamu. Wakatazamana. Tabasamu mbili zikazimika kwa pamoja.

Msusi akawaambia kila mmoja aonyeshe anavyofanya. Mke wangu akashika fungu moja, akalisokota kuelekea kulia mpaka likasimama. Shangazi akalishika lile lile kwa mkono wake wa shoto, akalisokota kuelekea kushoto. Likafunguka mbele ya watu wote. Msusi akanigeukia, akauliza mimi fundi wa nguo, uzi ukisokotwa huku kisha ukasokotwa kule, huwaje. Nikasema inategemea na uzi. Watu walicheka mpaka mama wa kucha akaharibu zote kumi.

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo kile kiapo kilikuwa cha nini. Wakaondoka pamoja, yeye na Shangazi, wameshikana mikono. Hapo niliumia kweli.

Chelewa ameshinda. Amechorwa akiwa amesinzia kitini, ikabidi mchoraji abuni macho. Alipomaliza akanitazama, akaniomba nami nikae, nisitikisike. Sikuuliza kwa nini. Nilikaa kama jiwe!

Jumatatu, 25 Machi

Rangi imekauka. Vichwa ni viwili! Kulia yupo Chelewa, dredi zimenyooka, chini yake pameandikwa BAADA. Kushoto nipo mimi, manyoya yote hewani, hata ule uzi unaning'inia, na chini yangu pameandikwa KABLA. Kila nikiinua macho kwenye mshono, tunatazamana watatu.

Lakini jamani, nipo ukutani! Tena nimetangulia, anayesoma lazima aanze na mimi. Pua imetoka vizuri sana. Mke wangu alipita pale akienda kazini, akasimama, akacheka mpaka akashika nguzo. Jioni akanipaka mafuta, akanifumua kichwa chote kwa kitana, bila haraka. Amenisamehe, kwa sharti niape tena kwamba hakuna mkono mwingine utakaonigusa. Nikaapa papo hapo, na machozi yalinilenga.

Sasa habari kubwa! Kinyozi wa kona anataka mlango wake uchorwe ndevu za kusokota. Ndevu ninazo! Watu wananiambia haraka haraka haina baraka, lakini kosa la kwanza nimelijua, lilikuwa ni ule mkono wa shoto. Safari hii nimetafuta msaidizi anayesokota kuelekea kulia, sawa na mke wangu. Chelewa amekubali, anasema ataanza siku yoyote kuanzia kesho. Nimemwomba asimwambie mke wangu.