Mkondo Wangu, Kazi Yangu: Maneno ya Mgeni Rasmi kwa Kidato cha Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye nimearifiwa ametoka kumtafuta Mwenyekiti; Mwalimu Mkuu; Mwalimu Mkuu Msaidizi anayeshughulikia taaluma na, kwa leo, spika hii inayokoroma; walimu wote; mama zangu, baba zangu, walezi; wanangu wa kidato cha pili, ambao kabla ya Ijumaa saa sita mchana mtakuwa mmerudisha fomu za kuchagua mkondo wa masomo; na mwisho kabisa, lakini kwa cheo wa kwanza, Mgeni Rasmi, yaani mimi mwenyewe: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu katika ukumbi huu wa chakula kwa heshima na taadhima, kuzindua rasmi, kwa mara ya tatu, Programu Jumuishi ya Mkondo Wangu, Kazi Yangu, ambayo ni programu mtambuka, shirikishi na endelevu, inayolenga kumwezesha mwanafunzi kuoanisha masomo anayoyachagua na fursa zilizopo katika soko la ajira, kwa kuzingatia dira, dhima, data na matarajio ya wadau katika ngazi zote. (Mzee mmoja anamuuliza jirani yake, "Amesema nini?" Jirani anajibu, "Bado hajasema.")

Utafiti wetu wa kina umebaini kwamba asilimia sitini na tatu ya wanafunzi huchagua masomo kwa kumfuata rafiki, asilimia thelathini na moja humfuata mwalimu mpole, na asilimia sita zilizobaki walikuwa wanaumwa siku ya utafiti. (Kicheko.) Hali hii haikubaliki. Haiwezekani kijana anayetaka kuwa fundi umeme aikimbie fizikia kwa sababu eti mwalimu wa fizikia ananuna. (Mwalimu wa fizikia ananuna.) Mimi mwenyewe, enzi zangu, nilichagua historia kwa sababu darasa lake lilikuwa karibu na mlango. Sikuwa na wa kuniuliza unataka kuwa nani. Pamoja na hayo, leo hii ni Mratibu Mkuu Msaidizi wa Mikondo na Mwelekeo wa Ajira, mwenye ofisi yenye viyoyozi viwili, na kimoja kinafanya kazi.

Ndiyo maana programu hii inaleta katika kila shule Kituo cha Ushauri, chenye washauri wanne waliobobea, kompyuta arobaini, na mfumo wa kidijitali utakaosoma alama za mtoto na kumtajia kazi yake ya baadaye, pamoja na cheo atakachostaafu nacho, kabla hajamaliza kukaa kitini. (Makofi. Msichana wa safu ya nyuma amenyoosha mkono tangu kwenye "dira".) Naona mkono pale. Maswali yamepangwa kipengele cha kumi na nne, baada ya picha ya pamoja. Lakini kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, haya, sema binti.

(Msichana anasimama. "Shikamoo mheshimiwa. Mimi nataka kufanya kazi maabara, hospitalini. Baba anataka niache kemia nichukue biashara, nije nimsaidie dukani. Nauliza tu, nikiacha kemia, chuo cha maabara watanipokea?")

Swali zuri sana. Nalipokea, nalithamini, na ningependa kulitazama kwa upana wake. Suala la kemia haliwezi kutenganishwa na masuala mengine mtambuka, ambayo nayo yana masuala yake, na kamati yetu ya kitaalamu, itakapoundwa, italifanyia uchambuzi yakinifu. (Msichana bado amesimama. "Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?") Ni mchakato, binti yangu.

(Mama mmoja, amevaa koti jeupe, ametoka zamu moja kwa moja, anainuka katikati ya ukumbi. "Ni hapana, mwanangu. Bila kemia hawakuchukui. Nina miaka kumi na tisa maabara. Shika kemia, shika baiolojia, na hesabu usiifanye ya kubahatisha. Damu ya mtu haipimwi kwa makisio.")

Ahsante sana mama kwa mchango huo, ambao umo neno kwa neno katika andiko letu. (Mwanamume mwenye mikono ya grisi anasimama karibu na msichana. Ni baba yake, muuza vipuri. Haongei na mgeni rasmi, anaongea na yule mama. "Dada, mimi sikumkataza kwa ubaya. Vipuri navijua. Akikwama dukani, namwonyesha. Huko maabara akikwama, namsaidia nini mimi?" Mama wa maabara anamwambia, "Jumatatu njoo naye pale kazini, saa nne. Mkae wote wawili mtazame. Ukitoka hapo utakuwa na cha kumuuliza." Baba anamtazama binti yake, kisha anachukua kalamu mfukoni na kumpa. "Basi andika kemia," anasema. "Biashara utanisaidia likizo." Msichana anajazia fomu mgongoni mwa baba yake, maana meza zimetolewa kupisha viti.)

Naomba utulivu, ndugu zangu. Nilikuwa nimefika awamu ya pili. (Fundi umeme aliyekuwa anarekebisha spika anaiacha, anachukua chaki, na kwenye ubao wa orodha ya chakula anaandika: umeme, fizikia na hesabu. Mama wa maabara anaandika chini yake. Mshona nguo mmoja anaomba chaki: "Na ubunifu wa mavazi je? Sanaa, lakini na hesabu pia. Nimeharibu vitambaa vingi kwa kutojua kugawa." Viti vinageuzwa. Sasa mgeni rasmi anahutubia visogo.)

Kama mnavyoona kwa macho yenu, huu ndio ushirikishwaji wa wadau tuliousema. Umeanza kabla ya muda uliopangwa, jambo ambalo katika historia ya ofisi yetu halijawahi kutokea. Awamu ya pili, basi, itakuwa... (Hakuna anayesikiliza. Mgeni rasmi anakunja karatasi zake, anashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, na sauti yake inapungua.)

Samahani, fundi. Mimi nami nina kijana wa mwisho, yuko kidato cha pili shule nyingine. Fomu yake iko juu ya friji wiki ya pili hii. Mama yake ananiuliza kila asubuhi, "Baba fulani, mtoto achague nini?" nami namjibu liko kwenye mchakato. Mtoto anayefungua kila redio ya nyumbani, akiirudishia, skrubu tatu zinabaki, huyo anachukua nini? (Fundi anafikiri. "Fizikia na hesabu. Lakini umemuuliza mwenyewe?") Kumuuliza, bado. (Kicheko, cha upole kidogo kuliko cha mwanzo.) Nitamuuliza leo.

Haya, ndugu zangu, muda ni mali ya umma. Nikisema Mkondo Wangu, mnasema Kazi Yangu. Mkondo Wangu! (Sauti tatu: "Kazi Yangu.") Chagua Leo! (Kimya. Kaulimbiu hii haikuwa kwenye ratiba.) Naomba sasa nitoe shukrani. Naishukuru ofisi ya posta iliyotuazima kompyuta mbili za kupiga nazo picha, ambazo zinatakiwa kurudi kabla ya saa kumi. Nawashukuru vijana wanne wa kikundi cha maigizo waliovaa fulana za washauri, zikawakaa vizuri. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kuturuhusu kubandika kibao cha Kituo cha Ushauri kwenye mlango wa stoo ya majembe. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama wa maabara, fundi umeme na fundi cherehani, na nawaomba sana ubao huo usifutwe mpaka katibu wangu amalize kunakili kila kilichoandikwa, kwa sababu ripoti ya mafanikio ya miaka mitatu ya programu hii inatakiwa mezani kesho asubuhi, na mpaka leo mchana tulichokuwa nacho ni jina tu. Ahsanteni kwa kunisikiliza, wale mlionisikiliza.