Betri Mpya za Garantii

Ukitaka kumwona mtu asiye na haya hata ya kuazima, mtazame Garantii, fundi wa ving'ora, akifungua kiti cha pikipiki ya mwenzake. Kwanza anakohoa. Anachungulia kile kisanduku cha king'ora kilichofichwa chini ya kiti, anatoa betri zake, vidude vya mviringo kama vifungo vya koti, anazinusa, halafu anatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

"Bosi," anasema kwa huzuni, "hizi zimeshakwenda. Mwizi akija leo, king'ora kitamtazama tu."

Asubuhi hiyo, kwenye maegesho ya jengo moja la ofisi, alikuwa amemshika mhasibu mmoja mwenye sifa ya kutolipa kamwe bei aliyotajiwa.

"Mpya unazo?"

"Ninazo, ila zina mwenyewe. Kaziagiza tangu jana."

"Nipunguzie kidogo, nizichukue mimi. Huyo mwenyewe atajijua."

Basi, mtu wa namna hiyo utamhurumia vipi? Akapewa. Betri zenyewe zilitoka kwenye pipa la taka la fundi saa. Garantii alizisugua kwa dawa ya meno mpaka zikang'aa, akazifunga kwenye plastiki na kuzibana kwa moto wa mshumaa. Wakati wa kujaribu, alibonyeza rimoti kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, uliokuwa mfukoni, ukabana king'ora cha kuchezea watoto. Wiii! Mhasibu akaondoka akichekelea.

"Hata inzi akitua, bosi, kitalia! Garantii!"

Utamu wa biashara hii ni kwamba mteja hajui kama amepunjwa mpaka aibiwe, na akiibiwa anamlaani mwizi.

Betri nzima alizowanyofolea wateja alizitia kwenye pikipiki yake. Naam, nasema yake, maana ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe bila kupepesa macho. Pikipiki ile ilinunuliwa na dada yake mkubwa, mshona mapazia, ili awapelekee wateja mizigo yao badala ya kuibeba kichwani. Garantii aliiazima wiki moja tu, "nijishikize, dada." Mwaka ukapita. Dada alipochoka kuomba, alikuja mwenyewe na ufunguo wa akiba. Alipogusa tu kiti, king'ora kikapiga ukelele wa kuamsha wafu, na mdogo wake akatoka na taulo kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini. Dada wa watu akarudi kwa miguu, robota la mapazia kichwani. Tumbo moja hilo, jamani!

Sasa, mhasibu alikuwa hajafika hata mlangoni alipotokea mwanamke wa suti ya kijivu, mkoba begani.

"Wewe ndiye Garantii?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana."

"Nina pikipiki ishirini za kusambaza mizigo. Ving'ora vyote kimya. Unaziweza?"

Garantii akameza mate. "Mama, umefika. Betri zangu ni moto."

"Nitajuaje?"

"Garantii, mama!"

"Garantii hailii. Zitie kwenye pikipiki yako nisikie."

Hapo akasita kidogo. Akaitazama pikipiki, akamtazama mama, akaziona akilini zile ishirini zimejipanga mbele yake na viti vimefunuliwa. Tamaa ikamshika mkono. Akazitoa betri zake nzima, akatia zile za pipani, akabonyeza, akabana. Wiii!

"Safi," akasema yule mama. "Hizo ulizotoa nipe, nikamwoneshe meneja kuukuu na mpya zinavyotofautiana. Wewe panda ghorofa ya nne, usubiri mapokezi. Utaitwa kuandikiana."

Na yeye, bingwa wa mji mzima, akampa! Anaamini ujinga uliumbwa kwa ajili ya watu wengine. Akachana nywele kwenye kioo cha pikipiki, akapanda ngazi akipiga mluzi.

"Nimeitwa na mama wa suti ya kijivu," alimwambia dada wa mapokezi.

"Kaka, hapa suti za kijivu zimejaa. Kaa."

Akakaa. Akakaa mpaka mfagizi akamwambia ainue miguu apige deki. Aliposhuka, pale pikipiki ilipokuwa pamebaki tone la oili.

"Pikipiki yangu iko wapi?" akamvaa mlinzi.

"Si imeondoka? Mtu kaja na ufunguo, kawasha, kaenda zake. King'ora hakikulia, nikajua ni ndugu yako. Wewe si ndiye uliyetuambia hata inzi akitua kinalia?"

Garantii akainua macho kwenye jengo. Aseme nini? Kwamba betri zilikuwa mbovu? Mhasibu alikuwa dirishani, anamsikiliza.

Akaenda kwa dada yake. Msidhani alikwenda kuomba radhi. Njiani alikuwa akipanga namna ya kulia mpaka anunuliwe nyingine.

Alimkuta sebuleni, pini mdomoni, anapinda pazia refu la kahawia lililotundikwa toka ukutani hadi ukutani.

"Dada, nimevamiwa!" Akajitupa kitini. "Watu sita, wana mapanga! Nimepigana nao mpaka nguvu zikaniishia!"

"Pole. Shati halijakunjika hata kidogo."

"Walinishika kwa heshima, dada."

"Na king'ora?"

"Kililia! Kililia mpaka masikio yakaziba!"

Dada akatoa pini mdomoni. "Shoga, hebu njoo umsikie mwenyewe."

Yule mama akatoka jikoni, suti ameshaivua, amejifunga kanga. Akaweka betri mezani. "Kaka, hizi zako. Meneja amezikubali."

Dada akavuta pazia. Nyuma yake, kati ya kabati na cherehani, pikipiki ilikuwa imesimama, imeoshwa.

"Ulivyokuwa unanicheka siku ile," dada akasema, "nililia njia nzima. Sasa shika bisibisi. Zirudishe nzima, na huo mkono wa kushoto utoke mfukoni nikiuona."

Akazirudisha, jasho linamtiririka, kazi ya kwanza ya haki tangu aanze ufundi. Dada akampokonya rimoti, akabonyeza kukitega king'ora, akaitumbukiza kifuani, akarudi kwenye pindo lake.

Garantii akasimama kuondoka. Akashindwa kujizuia, akanyoosha mkono akagusa kiti, kama kuaga tu.

King'ora kikalipuka. Jirani akachomoza kichwa dirishani.

"Kuna nini? Mwizi?"

"Ndiye," akasema dada, bila kuinua macho. "Lakini anaondoka."