Paa la Mama Vanajakshi na Siku Saba Bila Kahawa

Jumatatu, 3 Juni
Mambo yameiva! Mama mwenye nyumba, Vanajakshi, anaumwa kichwa kila jioni tangu astaafu ualimu. Nimemwambia yoga yangu itamponya kwa siku saba. Akaniangalia kuanzia nywele mpaka ndala, akauliza nimesomea wapi. Nikasema hapahapa Mysuru. (Kwenye simu. Kitandani. Lakini kitanda kiko Mysuru.) Tumekubaliana: akipona kufikia Jumapili, paa tambarare la nyumba ni langu, nifungue darasa. Asipopona, paa anapewa Chidanand wa chumba cha chini, eti kwa sababu ana cheti cha yoga. Na mimi narudi mji wa kwetu, Hassan, kuuza mabomba ya maji dukani kwa mjomba. Mabomba! Mimi!

Jumanne, 4 Juni
Somo la kwanza. Miguu ukutani, mgongo chini, pumzi ndefu. Mama anasema amepata nafuu. Nafuu tu? Hiyo hata Chidanand angeiweza. Mtaalamu lazima akataze kitu. Nimepiga marufuku kahawa! Nyumba nzima! Mama anakunywaga vikombe vinne kabla ya saa nne asubuhi. Akauliza kama nina akili timamu. Mumewe, Mzee Shamanna, akakunja gazeti. Sijawahi kuona gazeti likikunjwa kwa uchungu vile.

Jumatano, 5 Juni
Mama kaamka kichwa kinagonga kama kuna watu wanatwanga mpunga ndani. Nikamweleza ni sumu inatoka. Puttamma mpishi naye kichwa. Kamwaga chumvi mara mbili kwenye mchuzi wa sambar. Nyumba hii ina sumu jamani! Nimeongeza masomo yawe matatu kwa siku. Mama akasema, "Nanjunda, nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Watoto wote wale hawakuniumiza kichwa namna hii." Nimeyaandika pembeni kama ushuhuda wa mgonjwa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimechomoka kidogo hadi kibanda cha kahawa karibu na soko la maua. Mwalimu hajikatazi, hana sumu. Nani yuko nyuma ya gazeti? Mzee Shamanna! Vikombe viwili mbele yake! Tukatazamana. Akasema, "Kijana, mimi sijakuona." Nikamwambia hata mimi sijamwona, mzee wangu. Akanisogezea kikombe cha pili. Mtu muungwana sana.

Ijumaa, 7 Juni
Mama kauliza mbona mumewe haumwi kichwa. Nikasema yoga imemkubali! Mzee akapaliwa na kitumbua chake cha idli. Halafu Chidanand huyo, kwa ile sauti yake ya upole wa kuudhi, kauliza mama aliacha kahawa lini. Na kichwa kimezidi tangu lini. Nikamwambia apunguze wivu, unaharibu ngozi.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Nimeamshwa na harufu ya kahawa. Napanda paani mbio, namkuta Mama kwenye kiti, macho kafumba, vidole masikioni, anavuma taratibu kama nyuki kila akitoa pumzi. Pembeni kikombe kinafuka moshi. Chidanand kamwambia kuacha ghafla ndiko kulikomzidishia maumivu. Apunguze kidogo kidogo, avume hivyo kila jioni, na akapimwe macho. Mama akafumbua macho. Kichwa kimetulia!

Nikadai hapohapo kwamba ni kazi ya siku zangu sita. Mzee Shamanna, msaliti yule, akacheka mpaka machozi, akaeleza yote ya kibandani. Mama akasema, "Beba mkeka wako, mwanangu, ushuke. Ngazi moja moja. Usije ukavunjika ukataka kujitibu mwenyewe."

Paa limekwenda. Chidanand kanisaidia kubeba begi. Ana dharau kweli!

Jumanne, 11 Juni
Hassan. Kwenye basi jana nilifikiri njia nzima, na kosa nimeliona. Siku saba ni chache! Sumu ile inataka ishirini na moja. Jana hiyohiyo, kabla mjomba hajanipangia zamu dukani, nikaficha kahawa yote ya mama yangu. Leo mchana kajifunga kitambaa kichwani, analala huku ananilaani.

Dawa imeanza kufanya kazi!