Kura ya Madumu

Jumatatu, 5 Machi 2012. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.
Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Krismasi sijakuandikia hata sentensi moja. Nilichoka. Si ugonjwa, ni watu tu.

Leo ipo sababu. Darasa la jioni la Kiingereza, ambalo nimelifundisha miaka mingi katika kanisa letu la turubai, litachagua mwenyekiti. Mwenyekiti atapelekwa Nyamitanga, kule Mbarara, kwa mafunzo ya mwezi mzima. Kitanda chenye godoro! Chai ya maziwa! Mgongo wangu unalala mkekani tangu tuikimbie Kivu Kusini. Nitakwenda mimi. Ila nichaguliwe bila kupingwa; kushindana sina nguvu.

Jumatano, 7 Machi.
Mbinu. Nimefundisha kitenzi “oppose”. Nimeeleza matumizi yake yote: kupinga hoja, kushindana na mtu katika uchaguzi, kuwa kinyume cha jambo. Kisha mfano ubaoni: Mwalimu Nehemiya amechaguliwa “unopposed”, yaani bila mpinzani. Wakakariri kwa sauti. Tamu!

Constance, muuza mandazi, mwanafunzi wangu bora, akanyoosha mkono. Akauliza mtu akitaka kupinga husemaje. Nikamwambia. Nikamsahihisha matamshi mpaka yakanyooka. Akasema basi, Mwalimu, “I oppose you”.

Sentensi sahihi kabisa. Darasa likapiga makofi. Nami, kwa mazoea, nikampa alama ya vema.

Ijumaa, 9 Machi.
Perpétue, mke wangu, ananitaka nimwachie Constance uenyekiti. Eti, “Papa, batu bamechoka na ubishi yako.” Ubishi wako, nikamsahihisha. Akanigeuzia mgongo.

Lakini nimepata njia. Kura ni kesho asubuhi, nje ya kanisa karibu na bomba, nayo ni ya kusimama nyuma ya mgombea. Nitasimama mbele ya bomba la maji! Asubuhi foleni itakuwa nyuma yangu, nipendwe nisipendwe.

Jumamosi, 10 Machi.
Fedheha. Bomba lilikauka. Watu wakafanya kama kawaida: wakaacha madumu yao kwenye foleni, wakaenda zao.

Mchungaji Yonatani, msimamizi wa kura, akaanza kuhesabu. Nyuma ya Constance, darasa zima. Nyuma yangu, madumu ya njano, mstari ulionyooka kuliko wao. Nikadai yahesabiwe. Hapa Nakivale dumu likiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo, nani asiyejua? Watu wamepigana kwa ajili ya sheria hiyo! Mchungaji akasema dumu halijasoma Kiingereza. Mmoja akadakia kwamba hata lingesoma, lingechoka kusahihishwa. Vicheko.

Ndipo nikamwona Perpétue katika mstari wa Constance. Nikamwuliza ana maana gani. Akajibu kwa utulivu, akilionyesha dumu lake: “Bidoni yangu iko nyuma yako, Papa. Mimi niko huku.”

Jumatatu, 12 Machi.
Constance amekuja na mandazi ya moto. Ameniomba kwa heshima niendelee kufundisha. Bila Mwalimu, asema, hakuna darasa. Akirudi kutoka Nyamitanga atanionyesha aliyojifunza. Atanionyesha mimi! Nimeyala mandazi.

Nimempelekea Mchungaji pingamizi: ama madumu yahesabiwe, ama kura irudiwe. Amesema ataomba, kisha ataamua. Perpétue ameniuliza kama sijachoka. Nimechoka sana. Hata hivyo nimekwisha kuazima madumu yote ya jirani, endapo kura itarudiwa. Mchungaji akishaamua, nitashika kalamu tena nikuandikie. Kabla ya hapo, acha nilaze mgongo.